Sura ya Saba: Mauti, Kiti na Ibara ya 37

Amani imekaa juu ya Milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, baina ya mahali pawili ambapo habari ya sura hii ilitokea. Magharibi yake, ng'ambo ya bonde la Lwengera, iko Vuga, makao ya wafalme wa Kilindi, ambako mwaka 1862 kiti kiliachwa wazi na haukupita muda mrefu kikagombewa kwa bunduki. Na mashariki yake, ardhi inapotelemka kupita Muheza hata baharini, uko mji wa Tanga, ambao katikati ya Machi 2021 mkoa wake ulikuwa na mgeni, Makamu wa Rais aliyekuja kwa ziara ya kazi, na ambaye kabla ya juma kuisha alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania bila ya mtu hata mmoja kuinua silaha. Baina ya kadhia hizo mbili pana miaka 159, na pana sheria moja, nayo ni Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1994 kwa sababu ambayo haikuhusiana sana na kifo cha mtu yeyote, yakaja kudhihirisha faida yake siku ya kifo.

Tuanze Vuga, maana huko jambo lilionekana uchi, halijavikwa ibara wala vifungu. Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa, na enzi yake ikaenea kutoka milimani mpaka nchi ya Wabondei na kuukaribia mwambao. Mmisionari Krapf, aliyefika kwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alimkuta mfalme ambaye neno lake lilisikika mbali kuliko sauti ya ngoma zake. Ada ya Wakilindi juu ya urithi haikuwa ya kubahatisha. Mrithi aliwekwa Bumbuli kutawala huko hali akingoja, na mfalme alipofariki habari ilifichwa, watu wasiambiwe kwamba kiti ki wazi mpaka mrithi awe amekwisha kuletwa Vuga. Hivyo raia walipata msiba na mfalme mpya kwa pamoja, na fitina ikakosa usiku wa kulala ndani yake. Mimi naihesabu ada hiyo kuwa katiba kamili, ijapokuwa haikuandikwa, kwa kuwa ilijibu maswali mawili ambayo kila katiba ya namna hii hupaswa kuyajibu, yaani nani ataketi na ataketi lini.

Lakini haikujibu swali la tatu. Kimweri aliishi umri mrefu kupita kadiri, hata mwanawe mkubwa akatangulia mbele ya haki, na yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1862 aliyetoka Bumbuli kwenda kuketi Vuga alikuwa mjukuu, Shekulwavu, kijana aliyezungukwa na ami zake, watu wazima waliokuwa wakitawala sehemu zao tangu zama za baba yao, na ambao waliizoea taadhima ya kumtii baba, hawakuizoea ya kumtii mtoto wa ndugu. Ada ilimtambua mjukuu, walakini haikueleza ami wafanywe nini. Mmoja wao, Semboja, alikaa Mazinde, bondeni, penye njia ya misafara, na kwa hiyo alikuwa karibu na baruti na bunduki kuliko aliyekaa mlimani penye kiti. Haikupita miaka kumi Shekulwavu akafukuzwa Vuga, na Semboja, kwa werevu ambao wengi wameuiga baada yake, hakuketi mwenyewe. Alimweka mwanawe mdogo, naye akaendelea kutawala kutoka Mazinde. Wabondei, walio chini ya milima hii ya Amani, walipoona wakubwa wanararuana, wakainuka katika vita walivyoviita Kiva, wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao. Waliotekwa katika mapigano ya pande zote walitelemshwa Pangani na Tanga, wakauzwa. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyeishi na watu hao, aliyaandika mengi ya hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa mafungu katika mtambo wa wamisionari wa Magila, hapa hapa Muheza. Na msomaji atakayekishika asidhani anasoma hekaya za kale tu, maana ndani yake mna kila hila itumikayo hata leo pale kiti kinapokosa mwenyewe.

Pwani nayo ilikuwa na msiba wake. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki Unguja tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia jumba la ufalme bila ya kungoja idhini ya balozi wa Kiingereza, na siku ya pili yake ikapita kwa kujibizana, na siku ya tatu manowari zikalipiga jumba hilo katika vita visivyotimia saa moja, na Hamoud bin Muhammed akawekwa kitini kabla moshi haujatawanyika. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Kwa hiyo katika nchi zetu hizi tumewahi kuona kiti kikijazwa kwa ada, kwa bunduki za ndugu, na kwa mizinga ya mgeni, kabla hatujaona kikijazwa kwa maandishi.

Maandishi yenyewe yalipokuja hayakuja yakiwa yamekomaa. Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, na Rashidi Kawawa akashika hatamu; jambo lilipita salama kwa sababu ya tabia za watu wawili waliopeana nafasi kwa mapenzi yao, na bahati ya namna hiyo haifai kuwekewa akiba. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Kawawa Makamu wa Pili. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi vyote viwili, urais wa Zanzibar na umakamu wa Muungano, kwa kuwa vilikuwa vimefungwa pamoja kama mapacha walioungana kiunoni, ambao mmoja akiugua hakuna wa pili atakayelala.

Ubaya wa fundo hilo ulionekana mwaka 1984. Mwishoni mwa Januari, katika kikao cha Chama cha Mapinduzi kilichofanyika Dodoma, Jumbe aliacha madaraka yake, na kwa kuondoka mtu mmoja zikabaki wazi nafasi mbili katika serikali mbili, na msukosuko uliozaliwa upande mmoja wa bahari ukatikisa meza za upande wa pili. Ali Hassan Mwinyi alishika Zanzibar. Tarehe 12 Aprili mwaka ule ule Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, akafa kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro, na nafasi yake ikajazwa na Salim Ahmed Salim siku kumi na mbili baadaye. Mwaka uliofuata Mwinyi akawa Rais wa Muungano, na kiti cha Zanzibar kikawa wazi kwa mara ya pili katika muda usiofika miaka miwili. Hapo ikabidi kupanga mambo upya: maadamu Rais ametoka Zanzibar, Waziri Mkuu, ambaye sasa alikuwa Joseph Warioba, akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais, na Rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil, akawa Makamu wa Pili. Raia wa kawaida aliyeulizwa siku hizo nani atashika nchi Rais akifariki usiku huu, alihitaji kwanza kuuliza Rais mwenyewe ni mtu wa wapi.

Yote hayo yalivumilika chini ya chama kimoja, kwa sababu kamati ile ile ndiyo iliyochagua wote. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipofanya kazi yake mwaka 1991 na vyama vingi vikarudi mwaka 1992, swali likageuka sura. Ikiwa Rais wa Zanzibar ni Makamu wa Rais wa Muungano kwa sababu ya cheo chake, na ikiwa Zanzibar itachagua mtu wa chama cha upinzani, basi Rais wa Muungano atakuwa na Makamu ambaye chama chake kinamwombea aanguke, na siku ya mauti serikali yote ya Muungano itahama kutoka chama kimoja kwenda kingine pasipo kura ya mtu mmoja wa Tanganyika. Waliokuwa wakiogopa hilo hawakuogopa kivuli; nguvu ya upinzani Zanzibar, hasa Pemba, ilikuwa dhahiri kwa kila mwenye macho. Ndipo Sheria Namba 34 ya mwaka 1994 ikalikata fundo: Makamu wa Rais atakuwa mgombea mwenza, atakayesimama kwa tiketi moja na mgombea urais, atakayechaguliwa kwa kura ile ile, na atakayetoka upande wa Muungano ambao Rais hakutoka. Rais wa Zanzibar aliachiwa nafasi ya kuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri.

Sheria hiyo ilikuwa na bei, na bei yake ililipwa na Zanzibar. Tangu mwaka 1964 mkuu wa visiwa alikuwa pia Makamu wa Rais wa Jamhuri nzima, na katika mapatano ya nchi mbili zilizoungana jambo kama hilo lina uzito mkubwa kuliko pambo. Kulitoa kwa sheria ya Bunge, ambalo wengi wa wajumbe wake ni wa Bara, kuliacha uchungu ambao haujatoka midomoni mwa Wazanzibari. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu tarehe 2 Oktoba 2014, ilijaribu kuuponya uchungu huo kwa kuwa na Makamu watatu, wa kwanza mgombea mwenza, wa pili Rais wa Zanzibar, na wa tatu Waziri Mkuu. Lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na dawa ikabaki chupani. Nakiri kwamba hoja ya Wazanzibari ni ya haki. Walakini nikipima kwa mizani ya sura hii, ambayo ni mizani ya kiti kilicho wazi na si ya heshima ya nchi, nasema waliolikata fundo walifanya vema.

Jaribio la kwanza lilikuja mapema, na watu wengi wamelisahau kwa kuwa lilipita kimya. Dakta Omar Ali Juma, Makamu wa kwanza kuchaguliwa kwa utaratibu wa mgombea mwenza, alifariki akiwa kazini tarehe 4 Julai 2001. Ibara ya 50 humtaka Rais, baada ya kushauriana na chama chake, ateue mtu mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya siku kumi na nne, na Bunge lithibitishe. Rais Benjamin Mkapa alimteua Dakta Ali Mohamed Shein, naye alikuwa Makamu ilipofika tarehe 13 Julai. Siku tisa, na kiti cha Rais wa Zanzibar hakikuguswa. Hayo hayakuwezekana mwaka 1984.

Wamarekani, ambao hupenda kutajwa kila inaposemwa katiba, nao walichelewa katika jambo hili hili. John Kennedy alipouawa tarehe 22 Novemba 1963, Lyndon Johnson alishika urais na kiti cha Makamu kikakaa kitupu mpaka Januari 1965, kwa kuwa katiba yao haikuwa na njia ya kukijaza; Marekebisho ya Ishirini na Tano ya mwaka 1967 ndiyo yaliyoileta. Kisha katika mwaka 1973 na 1974 yakawapa ajabu ambayo watungaji hawakuikusudia: Gerald Ford aliteuliwa kuwa Makamu badala ya aliyejiuzulu, Richard Nixon naye akajiuzulu, na Marekani ikawa na Rais ambaye hakupigiwa kura ya urais wala ya umakamu. Sheria ya kujaza nafasi ina tabia hiyo. Hutungwa kwa kukumbuka msiba uliopita, ikatumika katika msiba wa namna nyingine.

Jirani zetu wa Kenya walionyesha upande mwingine wa jambo, yaani marekebisho yanayotungwa kwa kumlenga mtu. Katiba yao ilisema Rais akifariki, Makamu atashika kwa siku tisini, na ndani yake uchaguzi ufanyike. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa amekwisha kuzeeka, Makamu wake alikuwa Daniel arap Moi, na mwezi Septemba 1976 wakubwa kadhaa wa nchi walikusanyika Nakuru kudai kifungu hicho kibadilishwe, Makamu asishike kiti hata kwa hizo siku tisini. Hakuna aliyelitaja jina la Moi, na hakuna aliyehitaji kulitaja. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliwanyamazisha kwa kuwakumbusha kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Hoja ya werevu, na katika nchi iliyohitaji kuzungumza kwa uwazi juu ya kesho yake, hoja ya hatari. Kifungu kilibaki kama kilivyokuwa. Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi akaapishwa siku ile ile, akapata muda wake, kisha akakaa miaka ishirini na minne. Wale wa Nakuru walimwogopa mtu wakataka kuvunja sheria. Wangeiogopa nafasi yenyewe, na ukubwa wa mamlaka yaliyokusanywa ndani yake, huenda wangelifaa taifa zaidi. Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010 humpa Naibu Rais muda wote uliobaki, na ikaweka pia njia ya kumjaza Naibu mwenyewe, njia iliyotumika Rigathi Gachagua alipoondolewa na Seneti tarehe 17 Oktoba 2024 na Kithure Kindiki akateuliwa kesho yake.

Sasa tufike Machi 2021. Mwaka huo mauti yaliingia serikalini tangu mwezi uliotangulia: siku moja, tarehe 17 Februari, walifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi wa Serikali ya Muungano. Nafasi ya Maalim Seif ilikuwa na utaratibu wake, uliowekwa na marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 baada ya maridhiano, kwamba anayeijaza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili. ACT-Wazalendo walipendekeza, na Othman Masoud Othman akaapishwa tarehe 2 Machi. Hapo tayari watu walikuwa wameanza kuuliza mambo mengine kwa sauti ya chini. Rais John Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari, na siku zilivyozidi kupita, ndivyo maneno yalivyozidi kupita mkononi mwa watu kwa njia ya simu. Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akiwa Njombe tarehe 12 Machi, alisema Rais ni mzima na anachapa kazi. Siku tatu baadaye, Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akiwa huku kwetu katika Mkoa wa Tanga, aliwaambia wananchi kwamba binadamu kuugua mafua au homa ni jambo la kawaida, na kwamba huu ni wakati wa kushikamana. Usiku wa tarehe 17 ndiye aliyelitangazia taifa katika televisheni: Rais alilazwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6 Machi, akaruhusiwa kesho yake, akalazwa tena Hospitali ya Mzena tarehe 14, na akafariki jioni ile, kwa maradhi ya moyo.

Asubuhi ya tarehe 19 Machi, Ikulu ya Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Samia Suluhu Hassan aliapa kuwa Rais wa sita, na mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Ibara ya 37 ilikuwa imekwisha kumaliza hoja: Makamu ataapishwa, atakuwa Rais kwa muda uliobaki, na baada ya kushauriana na chama atapendekeza Makamu mwingine, ambaye Bunge litamthibitisha. Pia ibara ya 40 ilikuwa imekwisha kupiga hesabu yake, kwamba anayerithi kipindi kilichobakiwa na miaka mitatu au zaidi hana ruhusa ya kugombea tena ila mara moja, na kwa kuwa kilichobaki kilizidi miaka minne, Rais mpya alijua tangu siku ya kiapo mwisho wake uko wapi. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa Zanzibar, ilikuwa lazima Makamu atoke Bara. Tarehe 30 Machi jina la Dakta Philip Mpango, Waziri wa Fedha, lilipelekwa bungeni, akapata kura zote 363, na kesho yake akaapa. Mpango alipoondoka katika fedha akaingia Mwigulu Nchemba, aliyetoka Wizara ya Katiba na Sheria, ambako akaingia Palamagamba Kabudi. Na jimbo la Buhigwe, ambalo Mpango alikuwa mbunge wake, likafanya uchaguzi mdogo tarehe 16 Mei. Hivyo ndivyo mtu mmoja aondokapo: msururu mzima husogea hatua moja, na wa mwisho kusogea ni mpiga kura wa Kigoma, ambaye huenda hakuwahi kumwona marehemu kwa macho.

Linganisha na Malawi ya mwaka 2012, ambako Bingu wa Mutharika alifariki tarehe 5 Aprili, na kwa siku mbili nzima baadhi ya waliomzunguka wakahangaika kumzuia Makamu, Joyce Banda, aliyekuwa amekosana na chama, asiapishwe. Katiba ikashinda, lakini ilibidi ishindane. Kwetu haikushindana. Na sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba kila mkubwa aliyelala macho usiku ule wa tarehe 17 alijua kwamba jina la Makamu lilikuwa limekwisha kuandikwa katika karatasi ya kura ya Oktoba 2020, chini ya jina la marehemu. Semboja wa zama hizi, kama alikuwako, hakupata pa kusimama. Nalisema hili kwa hadhari, kwa kuwa yaliyokuja kutokea katika uchaguzi wa Oktoba 2025, pamoja na mzozo wake na damu yake, ni mambo mengine yanayotaka kitabu chao. Hapa napima namna kiti kilivyojazwa mwaka 2021, sipimi alivyokalia aliyeketi.

Viti vidogo havina bahati hiyo. Jimbo la Korogwe Vijijini, jirani na milima hii, lilikuwa wazi mwaka 2018 baada ya kifo cha mbunge wake, Stephen Ngonyani, ambaye watu walimjua kwa jina la Maji Marefu. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na mgombea wa Chama cha Mapinduzi, Timotheo Mnzava, akapita bila kupingwa. Sheria ilitimia kwa kila herufi, na mpiga kura wa Korogwe hakuitwa kituoni. Hapa Amani kwenyewe, chuo cha utafiti kilichoasisiwa na Wajerumani mwaka 1902, kikasifika ulimwenguni kwa miti na mazao yake, kilififia miaka kadhaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwa dola mpya haikuharakisha kukipa fedha na watu. Hakuna katiba iliyowahi kuweka siku kumi na nne kwa ajili ya bustani ya miti. Kila mwananchi aliyefuata cheti au hati katika ofisi ya umma na kuambiwa kwamba anayepaswa kutia sahihi ni kaimu, na kaimu huyo anamsubiri mkuu ambaye bado hajateuliwa, anajua kwamba kiti kinaweza kuwa kitupu hali mtu ameketi juu yake.

Linabaki pengo ndani ya ibara ya 37 yenyewe, na ni pengo lile la ada ya Vuga, la kuficha. Ibara imeweka njia ya Rais aliyeshindwa na maradhi: Baraza la Mawaziri litapeleka azimio kwa Jaji Mkuu, Jaji Mkuu ataunda bodi ya madaktari wasiopungua watatu, na akithibitisha kwamba Rais hamudu kazi zake, na siku saba zikapita bila ya nafuu, kiti kitahesabiwa kuwa ki wazi. Njia ni nzuri, ila mlango wake umewekwa mikononi mwa mawaziri, ambao wote wameteuliwa na mgonjwa na wanaweza kufutwa naye akipata fahamu; katika mila zetu na katika siasa zetu, ni nani atakayekuwa wa kwanza kunyanyua mkono kikaoni na kusema bwana mkubwa hawezi? Kuhusu kuwaarifu wananchi, ibara imenyamaza. Ndiyo maana kati ya tarehe 6 na tarehe 17 Machi 2021 nchi ya watu karibu milioni sitini iliongozwa kwa tetesi, na kauli za serikali zikazidi kuipa tetesi nguvu, na baadhi ya waliozirudia tetesi hizo wakakamatwa. Kimweri alikuwa na udhuru wa kufichwa, kwa kuwa mrithi wake alitembea kwa miguu kutoka Bumbuli. Rais wa Jamhuri, ambaye mrithi wake amekwisha kuchaguliwa na yuko tayari Tanga au popote pale, hana udhuru huo.

Basi kwa wale watakaoishika kalamu mara nyingine, iwe ni kwa katiba mpya au kwa marekebisho ya ile ya mwaka 1977, ombi la mwandishi huyu ni vifungu vitatu vifupi: kwamba Rais akilazwa hospitali zaidi ya saa arobaini na nane, Jaji Mkuu apewe taarifa na taifa litangaziwe, kwamba azimio la kuuliza juu ya afya yake liweze kuanzia bungeni pia, lisingoje Baraza la Mawaziri peke yake, na kwamba saa ya kiapo cha Makamu iandikwe ndani ya ibara ya 37, isiachwe kwa hiari ya walio hai siku hiyo. Ibara za kujaza kiti tunazo, zimejaribiwa mara mbili na zimefaulu mara mbili. Iliyokosekana ni ya kuwaambia wenye nchi kwamba kiti kinaelekea kuwa wazi.